Fundi wa Laini Hana Saa ya Kukuahidi

Mtu wa Mwanza akikutana na mfanyakazi wa shirika la umeme, salamu haiishi kabla hajauliza: umeme unarudi saa ngapi? Mfanyakazi huyo anaulizwa akiwa juu ya nguzo, akiwa dirishani ofisini, akiwa kwenye daladala ya Buhongwa na fulana ya kazi, hata akiwa msibani. Nami huuliza. Ila kadiri ninavyoifuatilia kazi hiyo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunamuuliza asiye na jibu, na kwamba kumlazimisha ajibu kunamwongezea hatari, huku wenye majibu wakiwa wamekaa ofisini hawajaulizwa kitu.

Kuna jambo moja linalotuchanganya, tuliondoe kwanza. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na mitambo yake tisa ya megawati 235 kila mmoja inafikisha megawati 2,115. Baada ya mgao tulioupata kuelekea mwisho wa 2023, wengi tulihesabu kuwa habari ya giza imekwisha. Basi ukikatika leo pale Igoma, watu wanafoka: si mlisema umeme unabaki? Unabaki kweli. Lakini kuzalisha ni kazi moja na kusambaza ni nyingine. Umeme wa Rufiji unaungana na gridi Chalinze, na gridi inaufikisha huku kwa laini ndefu zinazopita Dodoma, Singida na Shinyanga. Mwanza tuko mkiani. (Inachekesha kidogo ukikumbuka kuwa maji ya ziwa hili hili yanazungusha mitambo ya Jinja, Uganda, tangu 1954.) Hata mtambo wa mafuta mazito wa Nyakato, wenye uwezo wa megawati 60 hivi, uliwekwa kuongeza nguvu huku mkiani.

Ukishafika mjini umeme huo bado una safari. Unapozwa kituoni, yaani unapunguzwa msongo, unatoka kwa laini za kilovolti 33 au 11, unapanda milima ya Isamilo na Igogo, unashuka kwenye transfoma ya mtaa, ndipo unaingia ndani kwako ukiwa volti 230. Kukatika kwingi kunakotuudhi kunatokea kwenye kipande hiki cha mwisho. Megawati 2,115 hazimsaidii mtu wa Mabatini ambaye fyuzi ya transfoma yake imeungua.

Na kipande hiki ndicho anachokifanyia kazi fundi wa laini. Ziwa Victoria ni mojawapo ya maeneo yanayopigwa radi nyingi zaidi barani Afrika, na sehemu kubwa ya radi hizo hupiga usiku. Radi ikipiga laini, swichi kubwa ya kituoni inajifungua yenyewe. Mafundi husema laini imetripu. Opareta anairudisha. Ikitripu tena, anajua kuna ubovu njiani, lakini hajui uko wapi katika kilomita zote zile. Hapo timu ya dharura inaamshwa, mara nyingi watu wawili au watatu na gari moja.

Kinachofuata ni upelelezi. Wanafungua swichi ya katikati ya laini, wanamwambia opareta awashe nusu ya kwanza. Ikisimama, ubovu uko nusu ya pili. Wanakata tena vipande, wanajaribu tena. Halafu wanatembea chini ya waya na tochi, matope hadi magotini, wakitafuta kikombe kilichopasuka, yaani kile kinachoshikilia waya usigusane na nguzo, tawi la mwembe lililolalia waya, au korongo mkubwa, wale wa majalalani, aliyetandaza mabawa yake yakagusa waya mbili kwa pamoja. Kupasuka kwa kikombe hakuonekani kirahisi gizani. Ni ufa mwembamba na alama ya moshi, mita kumi juu ya kichwa chako, na mvua inakupiga usoni. Kukibadilisha hakuchukui muda mrefu. Kukitafuta ndiko kunakokula usiku. Sasa fundi aliye katikati ya utafutaji huo akuambie utarudi saa ngapi? Akisema saa tatu anabahatisha, na yeye mwenyewe anajua kwamba anabahatisha.

Nimewahi kusimama Kirumba, karibu na soko la Mwaloni, laini ikiwa imelala tangu asubuhi. Mama mmoja mwenye friza za sangara alimfuata fundi aliyekuwa akipakua kamba kwenye gari. Kijana akawahi kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unarudi saa ngapi? Samaki wangu wanaoza."

"Tunashughulikia mama, sasa hivi tu."

"Sasa hivi yenu ndiyo hii tangu saa mbili?"

Kijana akaangalia chini. Mama hakuwa mkorofi, na kijana hakuwa mwongo. Alipewa jibu la kusema na asiyekuwepo pale. Kilichonikaa ni yaliyofuata: watu wakaongezeka, mmoja akaanza kurekodi kwa simu, wengine wakawa wanahesabu dakika kwa sauti, na ule utaratibu wa kazi ulionekana wazi kuanza kukimbizwa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kabla fundi hajagusa waya wa msongo mkubwa, anatakiwa awe na kibali cha kazi kutoka kituoni. Laini ifunguliwe, swichi ifungwe kwa kufuli na kuwekwa kibao ili mwingine asije akaiwasha. Waya upimwe kuthibitisha kwamba hauna umeme. Kisha, na hapa ndipo penyewe, waya zote zifungwe ethi ya muda, yaani nyaya za kuupeleka ardhini umeme wowote utakaoingia, pande zote mbili za pale anapofanyia kazi. Mtu wa kawaida atauliza: kama laini imefunguliwa, imefungwa kufuli na imepimwa, ethi ya nini tena?

Ni kwa sababu yetu sisi. Umeme ukikatika Mwanza, mji unaanza kunguruma. Saluni inawasha jenereta, baa inawasha, mwenye mashine ya barafu anawasha. Aliyefungiwa umeme vizuri ana swichi ya kubadilishia, ambayo ikishika jenereta lazima iachie laini ya shirika. Haviwezi kuwaka vyote viwili. Asiye nayo anatengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani, akitegemea kwamba atakumbuka kuzima meni swichi. Siku akisahau, umeme wa jenereta lake unatoka nje ya nyumba na kurudi hadi kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma haina mbele wala nyuma. Ile iliyokuwa ikishusha volti 11,000 sasa inapandisha, na volti 230 za jenereta la saluni zinaingia kwenye laini kubwa zikiwa maelfu. Mara nyingi jenereta dogo litazidiwa na mzigo wa majirani na kuzima. Mara nyingine halizimi, hasa kama waya umekatika mahali na nyumba zilizobaki ni chache. Aliye juu ya nguzo ameshapima, ameshaambiwa laini imekufa, na imefufuka nyuma yake dakika kumi baadaye kwa sababu kuna mtu ametaka kuangalia mpira.

Ethi ya muda ndiyo inayomlinda hapo. Pia ndiyo hatua inayorukwa kwa wepesi zaidi anapoharakishwa, kwa sababu inachukua muda na mtazamaji aliye chini haoni faida yake. Haonekani akitengeneza kitu. Anaonekana akifunga waya ambazo baadaye atazifungua. Ukimpigia kelele fundi wakati huo, unamsukuma aache kile tu kilichosimama kati yake na jenereta lako. Simtetei mzembe. Ninasema tu kwamba saa tunayoidai inalipwa kwa hatua fulani ya usalama, na anayelipa si meneja.

Mwanza ina tabu yake nyingine ambayo Dar es Salaam, mji wa mchanga, haiijui sana: mawe. Mgeni akifika anapiga picha Jiwe la Bismarck na nyumba zilizokaa juu ya miamba ya Bugando na Mabatini, anasema mji mzuri. Mwenye kuchimba shimo la nguzo anasema mengine. Nguzo ya mita 11 inatakiwa izikwe karibu mita 1.8, na hapo chini ya udongo mwembamba kuna granaiti. Binamu yangu alifanya kibarua kwa mkandarasi wa kuvuta laini, na anachokumbuka si kupanda nguzo bali mtaimbo na nyundo, na mwenye kiwanja akisimama pembeni akisema nguzo isogezwe kidogo kwa sababu anataka kujenga ukuta. Walisogeza, wakakuta jiwe jingine.

Jiwe lina shida kubwa zaidi isiyoonekana. Ethi ya transfoma ni fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini ili umeme uliokosea njia upate pa kuingilia. Udongo wenye unyevu unaupokea vizuri. Granaiti kavu haiupokei. Ndiyo maana mafundi wakongwe huzungushia fimbo hiyo mkaa na chumvi, wakatafuta bonde lenye tope hata kama liko mbali na transfoma. Ethi ikiwa mbovu, kifaa cha kuzuia radi kinakosa pa kuimwaga, na transfoma inakufa katika mvua ya kwanza ya Novemba. Mtaani tutasema wameweka transfoma feki.

Hao vibarua wa mkandarasi nao tuwatazame vizuri. Laini nyingi mpya za vijijini chini ya mpango wa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, hujengwa na wakandarasi. Kijana anavaa kizibao kinachong'aa na kofia ngumu, na machoni petu naye ni wa shirika. Yeye hana mkataba wa kudumu. Mradi ukiisha naye ameisha. Ubaya wa mgawanyo huu ni kwamba lawama zinajumlishwa ilhali malipo, mafunzo na bima vimetenganishwa. Mwananchi akikosewa na kibarua wa mkandarasi anamtukana mwajiriwa wa shirika, na kibarua akianguka kutoka kwenye nguzo kila upande unaanza kusoma mkataba kutafuta ni wa nani.

Dirishani nako kuna mwenzao ambaye hachafuki matope lakini anabeba mizigo isiyo yake. Zamani mfanyakazi aliyeogopwa alikuwa msoma mita, na nyuma yake mkata umeme mwenye ngazi begani. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, imewaondoa wote wawili kwenye milango yetu. Mita ndiyo inayokata, na mita haitukaniki. Kwa hili wafanyakazi walipona kweli kweli, kwa sababu kazi ya kumkatia umeme jirani yako haimwachi mtu salama. Lakini mita ile ile ikageuzwa kuwa mkusanyaji wa mambo mengine. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa Sh1,500 Julai 2023. Sheria inamtaka mwenye nyumba alipe. Anayenunua umeme ni mpangaji. Mpangaji huyo hapandi ngazi za mamlaka ya mapato kulalamika. Anakwenda dirisha la umeme, na dada aliyekaa pale anaeleza sera ya kodi ambayo hakuitunga, shirika lake halikuitunga, na hela yake haikai kwenye mfuko wa shirika.

Bei nayo ni hivyo hivyo. Kundi la watumiaji wadogo hulipa Sh100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukizoea kuzidi hapo unahamishiwa kundi la Sh292, ambalo kwa kodi na tozo linafika Sh356 hivi, ndiyo maana Sh10,000 inakupa uniti 28 na kidogo. Nia ilikuwa kumsaidia mnyonge. Nenda sasa Igogo kwenye nyumba ya vyumba vingi yenye mita moja. Kila familia ina balbu mbili, redio na pasi, lakini mita inawahesabu kama mtu mmoja, na mtu huyo anaonekana tajiri. Hivyo mpangaji wa chumba kimoja analipa bei ya juu kuliko mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba nzuri ya Capri Point na kutumia uniti 70. Nimeisikia hoja hii ikielezwa dirishani na mzee mmoja kwa ufasaha ambao ningetamani ungesikika bungeni. Dada aliyekuwa akimsikiliza alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa na kitufe cha kubonyeza.

Gharama ya kuunganishiwa ndiyo iliyozua ugomvi mkubwa. Kwa muda watu walizoea Sh27,000 mjini na vijijini. Januari 2022 mjini ikarudi Sh320,960 kwa aliye ndani ya mita 30 asiyehitaji nguzo, na kijijini ikabaki 27,000. Sasa hapa kwetu mji unakua kila siku kuelekea Buswelu, Kisesa na Usagara. Mpaka wa mji na kijiji uko kwenye makaratasi, barabarani huuoni. Anayepima kiwanja chako na kukuambia uko mjini ni kijana wa kupima, na unamtazama kana kwamba tofauti hiyo anaiweka mfukoni mwake.

Wapo wanaoiweka mfukoni, nisijifanye sijui. Neno vishoka halikuzuka bure. Ni watu wanaojifanya wa shirika au wanaofanya kazi na mtu wa ndani, wanachukua hela ya fomu, ya nguzo, ya "kukusukumia faili", kisha simu haipatikani. Wapo pia wanaomwunganishia mtu umeme usiopita kwenye mita. Mwajiriwa anayeshirikiana nao anaiba mara mbili, kwa shirika na kwa wenzake, kwa sababu kila fundi mwaminifu anayegonga mlango kesho yake anapokelewa kama mwizi. Lakini kishoka anaishi kwenye nafasi aliyoachiwa. Mteja aliyelipia na kukaa miezi bila kuambiwa faili lake limefika wapi ndiye mtaji wake. Anachouza kishoka, ukimchunguza, ni habari: "nimeongea na mtu, wiki ijayo nguzo zinakuja." Ni uongo, lakini kile dirisha halisi limekataa kutoa ndicho hicho.

Ndipo ninaporudi kwenye lile swali la saa ngapi. Chumba cha uendeshaji kinajua laini ipi imetripu na dakika iliyotripu. Kinajua transfoma zipi ziko kwenye laini hiyo. Kinajua timu ya dharura iko Nyegezi au imeshavuka Mkuyuni, kwa sababu inawasiliana nayo kwa redio. Kinajua kama ni hitilafu au ni matengenezo yaliyopangwa. Baada ya miaka yote hii kina kumbukumbu za kutosha kusema kwamba hitilafu ya aina hii kwa kawaida huchukua kati ya saa mbili na nne. Mama wa Mwaloni angeambiwa hayo asubuhi angenunua barafu mapema au angeuza mzigo wake kwa bei ya chini kabla haujaharibika. Hakuhitaji dakika kamili. Alihitaji kujua kama asubiri au asisubiri. Badala yake chumba kile kinatoa tangazo la jumla, "tunaomba radhi kwa usumbufu", na swali la mteja linateremka hadi kwa mtu wa mwisho, mwenye kamba mkononi.

Nitaambiwa kuwa kutaja makadirio kunaleta lawama yakishindikana. Kutakuwa na lawama, ndiyo. Ziende kwa anayelipwa kuzibeba. Meneja akikosea makadirio kwa saa mbili, atasimama redioni kujieleza. Fundi akijaribu kuyatimiza makadirio aliyoyatoa chini ya kelele, ataruka ethi.

Kuna wajibu wa upande wetu pia, na hauhitaji bajeti ya serikali: swichi ya kubadilishia. Mwenye jenereta asiye nayo asiwe na mdomo wa kulaumu uzembe wa mtu yeyote. Na shirika lisingoje msiba ndipo likague. Hoteli na viwanda vya barafu vyenye jenereta vinajulikana kwa sauti, na anayevitafuta atavipata kwa masikio siku moja tu ya katizo.

Shirika la umeme likiomba kubadilisha bei, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, huitisha mikutano ya taftishi na wananchi hualikwa kutoa maoni. Kwa kawaida tunakwenda kuzungumzia shilingi, na wadhibiti nao hupima shirika kwa idadi ya makatizo na saa zake. Mkutano ujao ukifanyika hapa Mwanza, nitauliza mambo mawili nje ya hayo: tangu laini itripu, inachukua dakika ngapi wateja wa laini hiyo kupata ujumbe unaotaja eneo na sababu; na katika makatizo ya usiku, ni mara ngapi timu ilitumwa ikiwa na watu pungufu ya wale wanaotakiwa na kanuni za usalama za shirika lenyewe. Majibu ya maswali yote mawili yako kwenye vitabu vya zamu, na atakayekuwa amekaa meza ya mbele siku hiyo ana mamlaka ya kuvifungua.